Usingoje Mombasa: Embu na Meru zatosha kwa mapumziko mafupi

JE, msomaji, mara ya mwisho ulipokanyaga Embu au Meru ulikuwa umeendea nini? Nikibahatisha nitasema ulikwenda kuzika, au kusindikiza posa ya rafiki, au kumjulia hali nyanya wakati wa Krismasi. Ulifika giza limeshaingia, ukalala chumba kimoja na binamu saba, na keshoye ukarudi Nairobi na gunia la viazi kwenye buti. Mji wenyewe uliuona kupitia dirisha la gari tu. Na ikiwa huna nasaba huko, basi huenda hujawahi kufika kabisa, ingawa wali unaokula Jumapili watoka njiani kwenda huko, na taa inayowaka mezani pako huenda inapata nguvu zake kutoka kwa mto unaopita huko.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi moja ambayo sioni haya kuiiga. Ijumaa jioni mfanyakazi wa London hufunga mkoba mmoja mdogo, akaabiri treni ya Eurostar ambayo tangu mwaka 1994 hupita chini ya bahari, na baada ya saa mbili na robo hivi yuko Paris. Wengine huenda Prague, Vienna, Amsterdam au Lisbon. Hulala huko siku mbili, wakatazama majengo ya kale, wakaingia makumbusho, wakala chakula cha wenyeji, na Jumapili usiku wako kwao tayari kwa kazi ya Jumatatu. Hawangoji likizo ya mwezi mzima, wala hawauzi ng'ombe.

Sisi je? Kwetu likizo ni Mombasa, au basi si likizo. Familia huweka akiba mwaka mzima, kisha ada ya shule inabisha mlangoni na safari inaahirishwa hadi Desemba nyingine. Watoto nao wanakaa ndani wikendi ya katikati ya muhula wakitazama runinga na simu hadi macho yawe mekundu. Ilhali muda ule ule wa kutoka London hadi Paris ndio muda wa kutoka Thika Road hadi mji wa Embu, mradi foleni ikuhurumie.

Nakusihi ujaribu jambo moja, msomaji. Badala ya kuuendea mlima kwa matanga, uzunguke. Toka Nairobi asubuhi, ulale Embu usiku mmoja, ulale Meru usiku wa pili, kisha urudi kupitia Timau na Nanyuki. Mzunguko wote hauzidi sana kilomita 500. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litakula kama lita 42 za petroli; zizidishe kwa bei ya mwezi huu na utajua unasimama wapi. Mwanafunzi asiye na gari naye asikate tamaa. Matatu za Embu, Chuka na Meru zimezoea kupakia katika mitaa ya River Road na Accra, na watu wanne wakichangia chumba, gharama haitishi. Epuka tu wiki ya Krismasi na ile ya Pasaka, kwa maana nauli hupanda bila soni.

Mchele na makovu yake

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukipita Thika na Kenol utafika Makutano, na hapo uiache barabara ya Nyeri uingie mkono wa kulia. (Shika jina hilo, kwa maana Meru nako kuna mtaa uitwao Makutano, na wageni wengi wamewahi kuchanganyikiwa kwenye simu.) Punde si punde nchi inakuwa tambarare, na kando ya barabara unaona maji yaking'aa mashambani. Hapo ndipo Mwea, kaunti ya Kirinyaga.

Simamisha gari, uwashushe watoto. Mtoto wa Buruburu au Umoja anadhani mchele huzaliwa dukani ndani ya paketi. Mwonyeshe mashamba yaliyogawanywa kwa kingo za udongo, mifereji, watu wameinama hadi magotini wakipanda miche mmoja mmoja, na ndege wanaofukuzwa kutwa kucha wasimalize nafaka. Kisha mweleze, ikiwa umri wake unaruhusu, kwamba mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wamezuiliwa katika kambi za huko wakati wa Hali ya Hatari. Watu waliokuwa wakidai ardhi walilazimishwa kuitengeneza ardhi hiyo kwa majembe na pauro, huku askari wakiwasimamia. Leo bwawa la Thiba, lililofunguliwa Oktoba 2022, limeongeza maji, na mchele wa pishori wa Mwea hauhitaji kutangazwa.

Katika mji wa Wang'uru utapata maduka ya mchele yamejipanga pande zote mbili za barabara. Nunua, lakini usinunue kwa macho. Chukua punje mkononi, uzipashe joto kwa viganja, unuse. Pishori halisi hunukia hata kabla ya kupikwa. Wako wauzaji wanaouchanganya na mchele wa kutoka nje, na mlaghai hutambua gari la Nairobi kutoka mbali.

Onyo moja kwa wazazi: msiwaache watoto wachezee maji ya mifereji. Kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi huko Mwea, na malaria nayo ipo. Kutazama hakumdhuru mtu, ila viatu vibaki miguuni.

Mji wa mijakaranda

Ukivuka mto Rupingazu umeingia Embu. Mji uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, si baridi ya Limuru wala joto la Garissa, na mijakaranda yake ikichanua, kati ya Septemba na Novemba, utadhani mtu amemwaga rangi ya zambarau barabarani. Waingereza walianzisha kituo chao hapa mwaka 1906 baada ya kuwashinda Waembu vitani. Baada ya uhuru Embu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na ikabaki hivyo mpaka serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Ndiyo maana mji huu una ofisi nyingi kuliko ukubwa wake na miti mingi kuliko ofisi. Siku ya Madaraka ya mwaka 2023 iliadhimishwa katika Uwanja wa Moi papa hapa.

Kuna hoteli ya zamani mjini ambayo jina lake limewasumbua wengi: Izaak Walton. Huyo hakuwa mkoloni wala gavana. Alikuwa mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1593, na kitabu chake kuhusu uvuvi wa ndoana kilitoka mwaka 1653. Walowezi waliopenda kuvua samaki aina ya trauti katika mito baridi ya mlimani walimkumbuka mwenzao. Nimependa kila mara mzaha huo wa historia: mtu asiyewahi kuliona bara la Afrika ana jina mjini Embu, ilhali Mwembu wa kawaida hana habari naye.

Amka mapema Embu. Nasema mapema kwa dhati. Mlima hujionyesha alfajiri, theluji ikiwa juu ya mawe meusi, na aghalabu kufikia saa nne asubuhi wingu limeshaufunika kama mama mkwe aliyejitanda. Anayelala hadi saa tatu kisha akalalamika kuwa hakuona kitu, hiyo ni shauri yake. Mlima huo una urefu wa mita 5,199, na Wameru wana jina lao kwao, Kirimara.

Ukitaka kukaa Embu siku nzima, una njia mbili, na sharti uchague moja. Ya kwanza ni kupanda kuelekea mashamba ya chai yanayopakana na msitu, ambako hewa ni tamu na watoto watachoka kwa kukimbia. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuteremka Mbeere.

Barabara ya Kiritiri inateremka na joto linapanda. Majani mabichi yanaisha, inaanza miiba, miembe na ndengu. Huku ndiko kunakolimwa muguka ambao Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku na kuzua mabishano nchi nzima. Endelea kuteremka utafika kwenye mabwawa ya mto Tana, matano yakifuatana kama shanga: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kuzalisha umeme lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968; la mwisho Kiambere, mwaka 1988. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo tangi kubwa linalowahifadhia wenzake maji ya wakati wa kiangazi. Kwa hiyo maji yale yale yakitoka Masinga huzungusha mitambo mara tano kabla ya kuachwa yaende zake Garissa na hatimaye baharini. Mwambie hivyo mwanao wa darasa la saba, kisha umwulize hapo awali alidhani umeme watoka wapi. Hata hivyo mitambo yenyewe ina ulinzi; usiinue kamera kabla ya kuuliza.

Kando ya bwawa la Kamburu kuna Hifadhi ya Mwea, yenye ukubwa wa kilomita mraba 42 tu, iliyotengwa mwaka 1976. Isikuchanganye na Mwea ya mpunga, ni jina moja sehemu mbili. Ndovu, twiga, nyati, viboko na mamba wako, na watalii ni wachache kiasi kwamba unaweza kukaa kwenye ukingo wa maji kwa muda mrefu bila kusikia gari lingine. Familia isiyoweza kumudu Maasai Mara itaona humu mengi kuliko inavyotarajia.

Daraja la Nithi

Siku ya pili unaianza safari ya kwenda Meru, kilomita zaidi ya 100, na hapa naomba unisikilize vyema maana si suala la starehe tena.

Barabara hii inakata mabonde ya mito inayoteremka kutoka mlimani. Unashuka bondeni, unavuka daraja, unapanda, na kabla injini haijapoa unashuka tena. Ni barabara ya kupendeza mno, ndizi na kahawa zikining'inia kwenye miteremko pande zote. Pia ni barabara inayoua. Kwenye daraja la mto Nithi, jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza hapo. Mteremko ni mrefu, kona inakuja ghafla, na dereva anayekanyaga breki tangu juu hadi chini hufika kwenye daraja breki zikiwa zimeshika moto na hazishiki tena.

Kwa hiyo, ukiwa na gari lako, punguza gia ukiwa bado juu, uache injini ikuzuie, na breki uigusegusе tu. Ukiwa ndani ya matatu na dereva anateremka kwa fujo, mwambie. Usione haya ya abiria wengine, nao wanaogopa kama wewe, ila kila mmoja anangoja mwingine aseme. Usisafiri sehemu hii usiku. Na ukikutana na pikapu ya miraa inayokuja mbio, isogelee kando uiache ipite. Haikimbizani na wewe, inakimbizana na mnyauko wa majani.

Kabla ya kufika huko utakuwa umepita Runyenjes. Katika masimulizi ya Waembu, karibu na hapo, kwenye maporomoko ya Mbui Njeru, ndiko Mungu alikomweka Mwenendega na kumpa mke mrembo, na kutoka kwao likazaliwa kabila lote. Mto Thuci ndio mpaka: ukiuvuka umeiacha kaunti ya Embu, umeingia Tharaka Nithi. Chuka ni mji wa wanafunzi sasa, chuo kikuu chake kilipata hati mwaka 2013, na mtu mwenye njaa ataona faida yake, kwani penye wanafunzi pana chakula cha bei nafuu. Mbele kidogo, ukipenda kupinda kushoto, iko Chogoria, ambako wamishonari wa Scotland walianzisha hospitali mwaka 1922 na ambako njia nzuri kuliko zote za kuupanda mlima huanzia. Hao wa kupanda nawaachia makala nyingine. Siku mbili hazitoshi, na mlima huo si wa kuchezea.

Baada ya Nkubu, kabla hujaingia Meru, unavuka Ikweta. Pana kibao cha kupigia picha. Siku ya tatu utaivuka tena Nanyuki, na huko huenda ukamkuta kijana mwenye beseni na kijiti cha kibiriti anayekuonyesha kuwa maji huzunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mpe chochote kwa ufundi wake, lakini mwanafunzi wa fizikia asidanganyike. Mzunguko wa dunia huelekeza dhoruba kubwa za baharini, si maji ya beseni, na hatua chache kutoka kwenye Ikweta nguvu hiyo karibu haipo. Maji yale yanafuata jinsi alivyoyamwaga.

Watu wa kutoka baharini

Mji wa Meru una kelele kuliko Embu. Umepanda kilima, umeshuka bonde, na soko lake la Gakoromone huamka kabla ya jogoo. Ingia humo asubuhi. Mikungu ya ndizi imerundikwa kama kuni, viazi, njugu, maharagwe ya rangi usizozijua, na akina mama wanaokupigia bei kwa sauti ya ukali iliyojaa kicheko. Mizaha ya wachekeshaji wa runinga kwamba Mmeru ana hasira za karibu iache Nairobi. Mimi nimeomba njia mjini Meru mara nyingi, na kila mara nimesindikizwa hadi mlangoni.

Hatua chache kutoka katikati ya mji iko Makumbusho ya Meru, na kama muda wako ni mchache, acha yote uingie humo. Jengo lenyewe ni la mawe, lilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya; lilifanywa makumbusho mwaka 1974. Mkuu wa kwanza wa wilaya, Edward Horne, alikuwa mtu wa kuzurura milimani kutwa, na Wameru wakampa jina Kangangi, yaani mzururaji mdogo. Ndani utaona zana, mavazi na silaha za wahenga, na nje kuna boma la kienyeji na bustani ya mimea ya dawa.

Lakini kisa kinachonisisimua mimi ni kile cha asili ya Wameru. Wazee wao husimulia kwamba zamani waliishi kwenye kisiwa kiitwacho Mbwaa, pwani, wakitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, waliowatesa na kuwapa masharti yasiyowezekana. Wakatoroka usiku, maji yakagawanyika wakapita, wakaufuata mto Tana hadi kufika chini ya mlima. Wapo wataalamu wanaodhani Mbwaa ni kisiwa cha Manda, kule Lamu. Hebu fikiri: familia inayoacha kwenda Pwani kwa kukosa nauli, ikaja Meru, inakuta historia ya Pwani inaisubiri juu ya mlima.

Nchiru, kwenye barabara ya Maua, ndiko yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru ambalo hadi leo huamua kesi za ardhi na kupatanisha koo. Mahali hapo pana heshima yake. Hupaingii kama sokoni, ni lazima uombe ruhusa kupitia wenyeji. Na ukiwa na mzee nyumbani anayeikumbuka Hali ya Hatari, mwulize juu ya Musa Mwariama, mwana wa Meru, kiongozi wa ngazi ya juu wa Mau Mau ambaye Waingereza hawakumkamata wala kumwua. Alitoka msituni uhuru ulipokuja, na akafa mwaka 1989.

Jioni, kama una gari, toka nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Nanyuki uone msitu wa Imenti. Miti aina ya muuru, ambayo hukua kwa asili katika misitu inayouzunguka mlima huu, imesimama humo kama nguzo za kanisa. Ndani ya msitu kuna ziwa Nkunga, ziwa dogo katika shimo la volkano ya kale, ambalo Wameru wamelihesabu patakatifu tangu jadi. Usishuke kwa miguu bila askari wa msitu. Ndovu huja kunywa hapo, na ndovu hasomi vibao.

Simba aliyeitwa Elsa

Wenye siku moja ya ziada, na pesa kidogo za ziada, waende Mbuga ya Meru. Ni kilomita zipatazo 80 kutoka mjini, kupitia Maua na milima ya Nyambene, nchi ya miraa. Tazama miti hiyo ya miraa vizuri unapopita. Mingine ni mizee kuliko babu wa babu yako, na ndiyo imesomesha watoto wa huku. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko kutoka 2020 hadi Julai 2022, nyumba nyingi za Igembe zilihisi njaa. Kama baba wa familia atataka kuonja, hayo ni kati yake na mama.

Mbuga hiyo ya kilomita mraba 870 ilitangazwa mwaka 1966. Mito mingi inaikata, kila mmoja ukiwa na safu ya mikoma, na Tana unaizunguka upande wa kusini. Huku ndiko Joy na George Adamson walikomwachilia Elsa, simba jike waliyemlea tangu akiwa mtoto mwaka 1956 na kumfundisha upya kuwinda. Kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960 kilizunguka dunia nzima, na filamu ikafuata mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961, na kaburi lake liko ndani ya mbuga karibu na mto Ura. Wazungu husafiri kilomita elfu nyingi kuja kusimama mbele ya kaburi hilo, na wengine hutoa machozi. Mtoto wa Nairobi hajui lipo.

Mbuga hii ilipitia miaka migumu. Mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa, na kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuitembelea. Serikali iliirudisha hali ya usalama, wanyama wakahamishiwa humo upya, na sasa vifaru wana sehemu yao iliyozungushiwa ua karibu na lango la Murera. Ukibahatika utawaona weupe na weusi asubuhi moja. Malipo ya lango hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini ambako mtandao wa simu haukatiki. Beba dawa ya mbu, maji mengi, na ikiwa ni majira ya mvua usiende na gari dogo. Udongo mweusi wa mbugani hauna huruma.

Njia ya kurudi

Usirudi ulikotokea. Kutoka Meru shika barabara ya Nanyuki, upande kwenye baridi ya Timau. Ghafla ndizi zimepotea na unaona ngano hadi upeo wa macho, na upande wa kaskazini nchi inashuka hadi kwenye majangwa ya Isiolo na Samburu yaliyofunikwa na ukungu wa buluu.

Karibu na Timau, wapo watu wanaopita juu ya ajabu moja bila kujua. Chini ya barabara kuu limejengwa pango la saruji kwa ajili ya ndovu. Zamani ndovu wa mlimani na wale wa Lewa walikuwa ukoo mmoja uliotenganishwa na mashamba na barabara. Pango lilipokamilika wenye kazi walijiuliza kama mnyama huyo mwenye hadhari atathubutu kupita humo, na mwanzoni mwa 2011 dume mmoja akapita, wengine wakamfuata. Mwaka 2013 UNESCO iliongeza Lewa na msitu wa Ngare Ndare kwenye eneo la mlima ambalo lilikuwa urithi wa dunia tangu 1997. Msitu huo wa Ngare Ndare nao una daraja la kamba na nyaya lililotundikwa kati ya vilele vya miti, na chini yake maporomoko yenye vidimbwi vya maji ya buluu. Vijana watalikimbilia. Mimi, kwa uzito wangu, nilipita polepole nikishika pande zote mbili.

Timau pia ndipo pa kununua viazi, kwa kuwa gunia la viazi bado lazima lirudi Nairobi, majirani watakuuliza. Kula chakula cha mchana Nanyuki, na ukiwa na watoto hakikisha umeondoka hapo kabla ya saa nane. Sehemu ya Karatina hadi Kenol hujaa magari Jumapili jioni, na yule mdogo aliyelala kiti cha nyuma ataamka Thika akiuliza kama mmefika.